Popi Newala: baridi ikija, mchana unafupika

Kila mwezi wa nne mvua zikianza kukata lazima atokee mtu kwenye kitalu changu hapa Newala anishikie simu usoni, kwenye kioo kuna picha ya vilima vya California vimegeuka rangi ya chungwa tupu, anasema kaka nataka haya maua ya popi, wanasema yanapenda sehemu za juu na kukavu, sasa sisi si tuko juu na kwetu si kukavu, mbona dada yangu alipanda pakiti nzima haikutoa hata ua moja? Ni swali la maana kabisa, mi mwenyewe limenichukua misimu minne kulielewa, na jibu lake limefungamana kama kamba za mbuzi wawili waliofungwa mti mmoja, ukivuta upande huu unakaza ule. Ngoja nijaribu kulifungua taratibu.

Sheria kwanza niimalize, maana hapa hakuna mchezo. Popi siyo mmea mmoja, ni ukoo mzima, na ndani ya ukoo huo yupo mmoja anaitwa Papaver somniferum, huyo ndo anayetoa afyuni, ile wazee waliyoiita kasumba, na ndo huko lilikotoka neno tunalolitumia kila siku tukisema mtu ana kasumba za kikoloni, yani kitu kimemlevya akili mpaka haoni. Huo mmea Tanzania ni marufuku kuulima. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 imeuweka kundi moja na bangi na mirungi, na usidhani shina moja la urembo mbele ya baraza litakuokoa. Tatizo ni kwamba kuna nchi unauzwa kama ua la bustani au kwa ajili ya mbegu za kunyunyiza juu ya mkate, wanaupa jina zuri kwenye pakiti, kwa hiyo ukishika pakiti usisome jina la mbele, tafuta jina la kisayansi kwa nyuma kwa maandishi madogo, ukiona somniferum iache hapo hapo. Na kama hakuna jina la kisayansi kabisa iache vilevile. Mmea wenyewe unajulikana, majani yake ni mapana, laini, rangi ya kijani inayoelekea bluu kama majani ya kabichi, na yamekumbatia shina. Popi za maua ninazozungumzia mimi hazifanani na hivyo, moja ina majani membamba kama ya bizari ya majani, nyingine ina vinyweleo kila mahali. Afu kitu kingine, usimwambie ndugu yako aliyeko ng'ambo akufichie mbegu kwenye bahasha, mbegu kuingia nchini zinahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ipo kwa ajili hiyo. Mi zangu nilinunua kwa muuza mbegu za maua Arusha, pakiti imeandikwa vizuri.

Haya, tuje kwenye neno "kavu", maana hilo ndo linalotudanganya.

Sehemu wanazozisifia kwa popi, chukua mfano Denver kule Marekani, iko mita 1600 hivi juu ya bahari na kwa mwaka mzima inapata mvua na theluji ya kama milimita 370 tu. Sisi ukanda huu wa Mtwara na Lindi kwa kawaida tunapata milimita 800 mpaka 1000 na zaidi. Kwa hiyo kwa kipimo cha mvua sisi siyo wakavu hata kidogo, tena tunawazidi zaidi ya mara mbili! Sasa kwa nini kila mtu aliyekulia juu ya huu uwanda wa Makonde anajua kiu ya maji ilivyo, kwa nini bibi zetu walishuka makorongoni usiku na mitungi kichwani na kurudi jua limeshapanda, kwa nini mpaka leo maji ya bomba tunayopata yanasukumwa na mapampu kutoka bondeni? Kwa sababu ya mchanga. Uwanda wetu ni mchanga mnene kwenda chini, mvua inanyesha, mchanga unaimeza, inashuka mbali kabisa mpaka inakuja kutokea huko chini kwenye miteremko kama chemchemi. Juu hakuna mto wala bwawa. Ukavu wa Newala siyo wa mawingu, ni wa ardhi.

Fanya jaribio hili uone. Chukua kopo la nusu lita, mwaga maji sehemu moja uwanjani, hesabu mpaka kumi, yameshapotea. Rudi kesho yake asubuhi ukwangue kwa kidole, juu ni pakavu panatiririka kama sukari, lakini ukichimba urefu wa kidole kimoja unakuta unyevu, umekaa tu, unakusubiri. Hiyo picha ibebe kichwani maana nitairudia. Mbegu ya popi inaishi pale juu, palepale pakavu, kwa wiki mbili tatu za kwanza, na baada ya hapo mzizi wake ukishashuka hauna shida tena. Kule kwa wenzetu theluji inayeyuka kidogo kidogo, udongo wa juu unabaki na ubichi wiki nyingi bila mtu kumwagilia, mbegu inaota yenyewe. Kwetu hakuna anayeyeyusha kitu, ni wewe na kopo lako.

Afu kuna ukavu wa hewa, huo nao tofauti. Popi haipendi hewa nzito ya unyevu na joto pamoja, inaoza shingoni pale shina linapokutana na udongo. Ndo maana ukipanda mwezi wa kwanza au wa pili katikati ya mvua, hata ikiota unaikuta imelala asubuhi kama imekatwa na uzi. Msimu wangu wa kwanza nilipanda Februari, tena nikachanganya samadi ya kuku kwa mapenzi yote, zikaota kama nane, ndani ya siku tano zote zimelala. Samadi nayo ilichangia, popi ni mmea wa ardhi ya kimaskini, ukiinenepesha inatoa majani mengi laini na kuoza fasta. Mchanga wetu ambao kila mtu anaulalamikia, kwa huyu mgeni ndo godoro lenyewe.

Sasa "juu". Newala iko kwenye mita 700 na kitu. Ukisimama ukingoni pale Shimo la Mungu ukaangalia bonde linavyodondoka mpaka Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji unajiona uko angani, lakini kwa hesabu za mimea bado uko chini. Kanuni ya kukadiria ni kwamba kila ukipanda mita 100 joto linapungua kama nyuzi 0.6, kwa hiyo kati ya Mtwara mjini pale baharini na Newala tofauti ni kama nyuzi nne na kitu. Nyuzi nne ni nyingi kwa mtu, ndo maana mwezi wa saba tunavaa masweta na ukungu wa asubuhi unaficha mikorosho, lakini ni kidogo kwa popi za milimani. Zile popi kubwa za mashariki zenye maua mekundu kama sahani, Papaver orientale, asili yake milima ya Caucasus, Uturuki na Iran, zinahitaji baridi ya kweli ya msimu mzima ili zijue kwamba mwaka umegeuka, bila hiyo baridi zinakaa majani tu miaka na miaka. Na zile za bluu za Himalaya wala usiangaike nazo, zinataka baridi na ubichi kwa pamoja. Mtu wa Njombe au wa Kitulo kwenye mita 2000 na kuendelea anaweza kujaribu vitu ambavyo mimi na wewe hapa na wenzetu wa Rondo kule Lindi tusipoteze hela.

Lakini kuna jambo lilinipa moyo sana. Ile hifadhi maarufu ya popi za California kwenye bonde la Antelope, ambayo picha zake ndo watu wananiletea kwenye simu, yenyewe iko kwenye mita 800 mpaka 900 hivi. Haijatuzidi sana! Maana yake popi ile haifuati kimo, inafuata majira. Na hapo ndo tunafika kwenye fundo lenyewe, lile ambalo sijawahi kuona mtu anamwelezea mkulima wa huku.

Mimea mingi inahesabu saa za mchana. Popi ni mmojawapo, mchana ukiwa mrefu inaharakisha kutoa maua, mchana ukiwa mfupi inatulia, inaongeza majani. Kule kwao baridi ikiisha mchana unarefuka, kwa hiyo mwezi wa tatu na wa nne wanapata vitu viwili kwa mpigo, hewa bado ya baridi na mchana unaongezeka kila siku. Mmea unaota kwenye ubaridi, unapata ishara ya mchana, unatoa ua kabla joto kali halijafika. Ni kama treni mbili zinazokutana kituo kimoja.

Kwetu hizo treni zinapishana. Baridi yetu ni Juni, Julai, Agosti, na huo huo ndo wakati mchana ni mfupi kuliko wakati wowote, mwezi wa sita jua linachomoza saa 12 na nusu na dakika kadhaa asubuhi na kuzama saa 12 na dakika kama 10 jioni, hesabu utapata saa 11 na nusu tu. Mchana mrefu tunaupata Desemba, karibu saa 12 na dakika 45, lakini Desemba ndo joto na mvua zinaingia, popi haitaki. Kwa hiyo ukipanda mmea unaodai mchana wa saa 14 au 15 kama ule wa kiangazi cha Ulaya, hata uupeleke Njombe, hata umwagilie maziwa, Tanzania nzima hakuna siku ya namna hiyo. Siyo kosa la mkono wako. Dada yake yule kaka wa simu hakuwa na mkono mbaya, alipewa mbegu ambayo saa zake hazilingani na za kwetu.

Ndo maana ninawaambia watu chagueni popi ya California, Eschscholzia californica. Yenyewe mchana mrefu inaupenda lakini haiusubiri kwa lazima, kule kwao inaanza kuchanua kuanzia katikati ya mwezi wa tatu ambapo mchana ni saa 12 tu. Saa 11 na nusu za kwetu inachelewa, inakaa majani muda mrefu kuliko ilivyoandikwa kwenye pakiti, usikate tamaa ukaing'oa. Mi nilipanda mwishoni mwa Mei, pakiti inasema siku 60, ua la kwanza nikaliona wiki ya mwisho ya Agosti. Nilikuwa napita na ndoo asubuhi nikaona kitu kama kofia ndogo ya kijani imechongoka, imeanguka chini, na pale ilipotoka kuna rangi ya chungwa imejikunja kama kitenge kilichokamuliwa. Kufika saa nne jua limepanda imefunguka yote, vipande vinne, vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Jioni ikajifunga. Hivyo ndo ilivyo, inafunga usiku na siku za mawingu, nilidhani inakufa kumbe inalala.

Ile nyekundu ya Ulaya, Papaver rhoeas, nimeijaribu pia, kwangu ilitoa maua machache na madogo. Lakini nimeipenda kwa sababu ya habari yake. Wakati wa vita kuu ya 1914 mpaka 1918 mashamba ya Ubelgiji na Ufaransa yalichimbuliwa na mizinga mpaka yakageuka tope, na baadaye popi nyekundu zikajaa juu ya ile ardhi na juu ya makaburi, ndo likawa ua la kuwakumbuka waliokufa. Watu wanasema muujiza. Sababu yake ni kwamba mbegu yake inaweza kulala ardhini miaka mingi sana, inasubiri mwanga, udongo ukipinduliwa mbegu inaletwa juu, inaona jua, inaota. Na vita hiyo hiyo ilifika kwetu, Mahiwa hapo Lindi Oktoba 1917 walikufa watu wengi ndani ya siku nne, wakiwemo Waafrika waliobebeshwa bunduki na mizigo kwa ajili ya ugomvi wa wengine, na hawana ua lolote. Mi huwa nalifikiria hilo kila nikizimwaga mbegu nyekundu.

Hapo kwenye mwanga ndo wengi wanapoharibu. Tumezoea kufukia. Karanga unafukia, mbaazi unafukia, mahindi unafukia. Popi ukiifukia umeizika. Bibi yangu ambaye amelima ufuta maisha yake yote nilimwonyesha mbegu kiganjani akaangalia akasema, "Mjukuu wangu, hii ndogo kuliko ufuta, hii hailazwi shimoni, unailaza kitandani." Ndivyo hasa. Ile nyekundu gramu moja ina mbegu maelfu kwa maelfu, ni vumbi, ya California ni kubwa kidogo, duara, rangi ya kijivu. Ninachofanya nachanganya kijiko kimoja cha chai cha mbegu na vikombe viwili vya mchanga mkavu uliochekechwa, natia kwenye chupa ya maji, kifuniko nimekitoboa kwa sindano ya moto, natingisha huku natembea kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi. Halafu nachukua kipande cha ubao nakandamiza taratibu, mbegu ishikane na udongo basi, sifuniki kitu.

Na sihamishi miche. Hili narudia kwa wauza miche wenzangu kwa sababu riziki yetu ni kuhamisha, popi ina mzizi mmoja unaoshuka moja kwa moja kama karoti, ukiukata au ukiukunja mmea unasusa. Msimu wa pili nilisia kwenye tuta nikahamishia kwenye viriba, ile mifuko ya miche, miche 60, ikabaki miwili. Panda palepale itakapokaa, zikibanana ng'oa za ziada uache nafasi ya kiganja na nusu. Kama ni lazima uuze, sia mbegu tatu nne ndani ya kiriba kirefu na mteja akipande na udongo wake wote bila kuutikisa.

Kumwagilia, rudi kwenye lile jaribio la kopo. Wiki tatu za kwanza juu pasikauke, nanyunyizia asubuhi saa moja umande bado upo, saa sita, na saa kumi jioni, kidogo kidogo kwa chupa yenye matundu, ukimwaga kwa kopo mbegu zinahama zote zinakusanyika sehemu moja. Maji ni ya kununua najua, kwa hiyo panda eneo dogo, meta moja kwa mbili inatosha kabisa, na maji ya kuoshea mchele yanafaa ila ya sabuni hapana. Mmea ukifikisha majani sita hivi geuza utaratibu, mwagilia mara moja kwa siku nne au tano lakini mengi yashuke, mzizi uyafuate kule chini kwenye ubichi uliojificha. Mtu anayeendelea kunyunyizia kidogo kila siku anaufundisha mzizi kukaa juu, na ukikaa juu jua la Septemba linaumaliza.

Udongo usichukue chini ya mikorosho. Miaka mingi tunapuliza salfa kupambana na ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe wa mikorosho, salfa inadondoka chini, udongo unazidi kuwa na tindikali, na mchanga wetu tayari una tindikali yake ya kuzaliwa. Mi natoa mchanga sehemu ya wazi, naongeza majivu ya kuni kiganja kimoja kwa ndoo. Na hali ya hewa ile ile inayoleta ubwiriunga kwenye korosho, baridi na ukungu wa asubuhi, inaleta unga mweupe kwenye majani ya popi pia, kwa hiyo acha nafasi hewa ipite, usipande kwenye kona ya ukuta. Sisimizi nao wanabeba mbegu, nazungushia majivu makavu pembeni ya tuta siku ya kupanda.

La mwisho lenye hatari. Kuna ndugu wa popi anaota mwenyewe sehemu nyingi za Tanzania, pembeni ya barabara na kwenye mashamba yaliyoachwa, ana miiba mpaka kwenye majani, majani yana mistari myeupe, ua la njano, ukikata shina linatoa utomvu wa njano. Jina lake Argemone mexicana, asili yake Mexico. Watu wananiambia basi hii si tuihamishie bustanini, inavumilia ukame kuliko zote. Hapana jamani. Mbegu zake zina sumu, India mwaka 1998 watu wengi waliugua na wengine kufa pale Delhi kwa sababu mafuta ya kula ya haradali yalichanganyika na mafuta ya mbegu hizo, miili ilivimba na mioyo ikashindwa. Sisi ni watu wa ufuta, tunavuna mbegu ndogo, tunapepeta, tunapeleka chama cha msingi, ukiiruhusu hii izae karibu na shamba la ufuta umejitafutia mbegu chafu kwenye gunia. Ing'oe kabla ua halijawa kibuyu cha mbegu, vaa glavu au funga mfuko mkononi.

Za kwangu za California saa hizi zinatoa vibuyu, virefu vyembamba kama maganda madogo ya choroko. Mchana jua likiwa kali ukikaa kimya barazani unavisikia vinapasuka, tak, tak, mbegu zinaruka mpaka kwenye ngazi. Nimevifunga kwa vipande vya chandarua kilichochanika ili nisizipoteze, na nimeshapata nusu kikombe cha kahawa. Hizi zilizozaliwa hapa juu kwenye saa zetu ndo nitakazozipanda Mei ijayo, nione kama zitawahi kuliko mama zao.